Nani Atasimama kwa Baba Yako

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Hyattsville, Marekani, tu wazima, ila baba yako bado anashikiliwa na uhamiaji. Umeuliza mbona hatujalipa dhamana na michango ya kanisani imeshatimia. Mwenzio nimechanganyikiwa. Pesa taslimu hawapokei. Kampuni ya dhamana inataka ada isiyorudi. Imebaki kutuma kutoka benki kwa mtandao, na ile fomu imenishinda.

Nilipokuwa msichana kule Moshi, kaka yangu aliwekwa ndani. Nikakimbilia kituo cha polisi na hela tulizouzia kahawa. Afande akazisukuma: “Binti, rudi nazo. Nani atasimama kwa huyu?” Alikuja jirani, akaandika jina lake kuwa mdhamini, kaka akatoka.

Nilidhani huku Marekani wanataka hela tu. Jana shangazi yako akanisomea fomu: anayelipa ndiye atakayeandikiwa barua amlete baba yako akihitajika. Kumbe ndiyo maana wote waliochanga hawajitokezi kulipa, kila mmoja anamtazama mwenzake!

Asubuhi hii nimemwambia shangazi yako atumie akaunti yangu, aandike jina langu. Mengine kwenye fomu bado siyaelewi. Lakini afande yule angeuliza leo, ningemjibu: nimesimama mimi.

Bibi yako