Mashine ya Baba Isiyoguswa

Katuba, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 15 Juni 2025

Mpendwa binamu yangu Ngosa,

Kabla ya yote pokea salamu za nyumba nzima. U mzima? Kifua chako kinaendeleaje na ule upepo wa Walvis Bay unaoulalamikia kila mara? Na kula unakula, au bado unaishi kwa mkate na chai kama mwanamume asiye na ndugu? Sisi huku tu wazima. Mama anasumbuliwa na magoti kwa ajili ya baridi ya mwezi huu, lakini leo amekwenda misa ya kwanza kwa miguu yake mwenyewe, akarudi akiisema kwaya vibaya, kwa hiyo ujue hajambo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa makusudi. Kwenye simu ukiulizwa jambo unajibu kwa picha ya kidole gumba, na kidole gumba hakisemi kama unakuja au huji. Barua hii anakuletea Kabwe, jirani yetu anayeendesha lori la shaba hadi bandari ya huko kwenu. Mpe kiti, mpe maji, kisha uisome mbele yake. Nimemwagiza aangalie, nakujua wewe.

Habari kubwa ni kwamba nimenunua mashine ya kung'arisha rangi ya magari. Najua utauliza, na ile ya Baba je? Ile ipo na haina kasoro. Iko juu ya kabati, ndani ya mfuko wake wa turubai, pale mama yako alipoiweka siku tulipomaliza matanga. Yeye mwenyewe, Shangazi Germaine, kama dada wa marehemu, alisema mbele ya watu wote: "Hakuna muntu atagusa mashini ya yaya yangu mpaka Ngosa afike. Mupwa wake njo mwenyewe." Hakuna aliyebisha. Kwetu vitu vya marehemu huenda kwa mtoto wa dada yake, na mimi niliyezaliwa na Baba nalijua hilo tangu utotoni.

Sasa ni miezi kumi na minne. Muda wote huo nimekiendesha kiwanja cha Baba cha kung'arishia magari kwa kitambaa na dawa, gari moja siku mbili, mpaka bega la kulia likawa halinyanyuki hata kusuka nywele zangu. Wateja wananipenda, lakini kungoja hawapendi.

Nikuambie na jambo ambalo Shangazi halijui, nawe funga mdomo wako mkubwa. Mwezi wa tatu mtu alileta gari jeusi limejaa mikwaruzo ya mviringo, kazi ya wale wanaoosha magari kwa matambara yenye mchanga. Nililizunguka mara mbili, nikaingia ndani, nikapanda kiti, nikaishusha mashine ya Baba. Nikaichomeka. Nikabonyeza. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima nami sikuwa na habari. Nilisimama pale nimeishika mikononi, nikaona haya kama mtu aliyefumaniwa, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu. Mfuko bado unanuka dawa yake ya kung'arishia na ile tumbaku aliyokuwa akimficha Mama. Nililia, binamu, sikufichi. Kisha nikairudisha ilikokuwa.

Wiki ileile nikaenda mjini kwa Papa Rigobert, yule aliyemuuzia Baba mashine yake zamani. Akaniwekea mashine tatu juu ya meza, na kapo ya gari bovu, kile kifuniko cha injini, ya kujaribia.

Ya kwanza ilikuwa ndugu wa ile ya Baba. Sahani yake ya kusugulia inazunguka mahali pamoja, kwa kasi, na mikwaruzo iliyoingia ndani inaondoka kwa dakika chache. Lakini unajua joto lake. Ukisahau kidogo tu kwenye ukingo, rangi imekwisha na bati linakuchekea. Unakumbuka ulivyounguza ukingo wa mlango wa gari la padri, ukiwa na miaka kumi na sita? Ulijificha nyuma ya mapipa. Baba akamwambia padri kwamba ni yeye aliyekosea, akaupaka rangi upya mlango mzima, na jioni ileile akakupa mashine tena mkononi. Mimi sikuwahi kutetewa hivyo, na mpaka leo nakuonea wivu.

Ya pili ilikuwa ya betri. Niliitamani kwa sababu ya huu umeme wetu. Lakini betri iliisha kabla sijaimaliza ile kapo moja, na betri yenyewe inachajiwa kwa umeme uleule unaokatika, kwa hiyo ningerudi palepale.

Ya tatu ina waya kama ya kwanza, ila sahani yake inazunguka huku ikiyumba, na joto halikai mahali pamoja. Ukiikandamiza mno inagoma kuzunguka, haiunguzi kitu. Ni nyepesi. Ila ni ya polepole, na mkwaruzo ulioingia ndani haiuwezi.

Niliirudia ya kwanza. Ikanguruma kwa sauti ya Baba kabisa, na mkono wangu ukaenda wenyewe, kushoto, kulia, nusu juu ya njia iliyopita, kama alivyotufundisha sote wawili. Papa Rigobert alinitazama akasema: "Weye, mwana ya marehemu Mwansa, kazi unaijua. Beba hii. Papa yako alinunuaka ya namna hii hii."

Nikamwambia nataka ya tatu. Akashangaa, akauliza sababu. "Juu ya nini? Ile iko polepole, vraiment."

Nilimjibu kwamba magari mengi yanayotufikia siku hizi yamepakwa rangi upya njiani, huwezi kujua imebaki nene kiasi gani, afadhali mashine yenye huruma. Hiyo ni kweli. Sababu nyingine sikumwambia, nakuambia wewe. Ningebeba ya kwanza, tungekuwa na mashine mbili za namna moja nyumbani, na siku moja mtu angeuliza, sasa ile ya juu ya kabati ni ya kazi gani? Sikutaka swali hilo liulizwe katika nyumba yetu.

Basi nafanya kazi nayo. Gari jeusi lilirudi, nikalimaliza kwa siku moja, bega langu linapona. Mikwaruzo iliyoingia ndani inanishinda, namwambia mwenye gari avumilie, kuna mtu namngoja. Wengine wanacheka.

Nina hamu nawe, Ngosa. Nikiwa kazini bado nanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikitaka kitambaa, kama tulivyozoea tukiwa wawili, na hakuna anayekiweka mkononi mwangu. Miaka sita tangu uondoke ni mingi. Siku ya maziko nilikuwa nikiangalia njia mpaka udongo wa mwisho. Sikulaumu, najua habari ya zile karatasi zako za uhamiaji. Lakini niliangalia.

Mama anakusalimu, anasema ukioa huko bila kumwambia atakufuata kwa miguu, magoti yaume yasiume. Papa Rigobert anakusalimu. Mama yako anakusalimu kutoka Kasenga. Alikuja wiki iliyopita na samaki waliokaushwa, akaona bega langu, akaligeukia lile kabati akilitazama. Kisha akasema: "Mwambie Ngosa, kama hawezi kuya, aandike tu mustari moja, ile mashini ibakie kwako. Miye mwenyewe nitaisemea mbele ya jamaa. Unachoka, mutoto."

Yeye, Ngosa, aliyeiweka pale juu kwa mikono yake. Alisema kwa upole, kisha akaanza kupanga samaki ambao walikuwa wamekwisha kupangwa. Mama yako ameanza kuzoea kwamba huji.

Mstari mmoja ungenipa mashine ya baba yangu, ambayo kazi yangu inaihitaji na ambayo moyo wangu umeitaka tangu siku alipofariki. Nakuomba usiuandike. Kabwe akirudi na karatasi yako yenye mstari huo, nitasema aliipoteza njiani. Andika tu mwezi wa kuja kwako, hata uwe wa mbali.

Mungu akulinde kazini na akufungulie njia ya nyumbani.

Akupendaye na kukungojea,
binamu yako,
Sephora Chilufya