Kizibo Kwenye Ufa

Machimboni, 9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na cherehani, bado inakata uzi kwa makusudi? Mimi mzima, ila vumbi la mawe limenijaa kifuani. Nikikohoa, mwenzangu Kicheko ananiuliza natoa kokoto za ukubwa gani.

Usinicheke: nimepata kamera. Mpiga picha wa hapa mjini amefunga studio, akaniachia ile kuukuu, tena akanifundisha kusafisha picha mwenyewe. Jumapili machimbo yakiwa kimya, nazunguka peke yangu. Miaka sita nimetoboa mwamba huu nikidhani ni mawe matupu. Kumbe unaishi!

Nimekutilia picha tatu. Ya kwanza ni glavu ya mtu, jua limeikausha mpaka imekaa kama mkono unaoomba chumvi kwa jirani. Ya pili ni buibui ndani ya kofia ya kazi iliyopasuka. Ya tatu ndiyo kipenzi changu: ua la manjano lililoota kwenye ufa wa ukuta mkubwa, juu ya pale tunapotoboa mimi na Kicheko. Ni dogo sana. Ili ujue udogo wake, nimebana kizibo cha soda ndani ya ufa, kando yake. Kimeshika barabara, hata kukitikisa huwezi. Nitakiacha hapohapo nipige picha kila mwezi, uone ua linavyokua.

Ni mimi, mdogo wako.


Nyumbani, 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yananitangazia mvua kabla ya redio. Kwa kikohozi chako, funga kitambaa puani, usijifanye jiwe kwa sababu unafanya kazi na mawe.

Picha nimezipokea. Wateja wangu wanaacha kupimwa nguo wanatazama glavu. Mmoja kasema mdogo wangu kachanganyikiwa, nikamwambia ametoka mbali, alianza akiwa na miaka minne kwa kunifichia konokono ndani ya sanduku la vifungo. Tangu tulipobaki wawili nilikuwa naogopa hutajua kufurahi. Piga, piga tena. Nitumie ua kila mwezi kama ulivyoahidi.

Dada yako.


Machimboni, 6 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na pole na mvua. Huku imenyesha wiki nzima, hata njia ya malori imekatika. Mimi sijambo.

Nakutumia ua la Machi na ua la Aprili. Ona lilivyostawi, sasa yako matatu! Utaona Machi kizibo kimeinama kidogo. Aprili hakipo, nadhani panya kakichukua. Kicheko anasema panya huyo anafungua baa. Ametuma salamu. Mkewe atajifungua mwezi wa saba, na yeye keshaanza kunibembeleza nimpige picha mtoto.

Mdogo wako.


Nyumbani, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zangu pokea, maana leo sina maneno mengi.

Panya hali bati. Nimeziweka picha zote tatu za ua mezani penye mwanga na nimezipima kwa futi yangu. Miaka thelathini nakata nguo, jicho langu linajua kitu kilicholegea. Februari kizibo kimebanwa. Machi kina nafasi ya kupitisha mkasi. Aprili ufa umekuwa mpana mara tatu, na kizibo kimetumbukia ndani. Kilichokua si maua tu, baba. Ni mwamba uliofunguka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huo wenu hamtaujenga, utawalalia. Peleka picha kwa wakubwa wako. Usingoje Jumapili.

Dada yako.


Machimboni, 28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi nipo.

Nilikwenda kwa nyapara na picha. Alizigeuzageuza, akacheka. "Kumbe siku hizi nimeajiri bwana maua?" Nikamwonyesha kizibo. Hapo akaacha kucheka. Akafunga mlango wa ofisi.

Akaniambia, "Tajiri ana oda ya barabara. Ukuta ule ndio wenye jiwe zuri, hatusimami mpaka oda iishe. Wewe unaogopa?"

Nikasema naogopa.

"Basi kesho nenda kwenye mashine ya kusaga, kule juu. Lakini mdomo wako uache hukuhuku. Ukitia watu hofu, wewe na wao wote mtaenda kulima."

Nimehamia juu, dada. Kazi ni nyepesi. Pale nilipokuwa nasimama sasa anasimama mtu mwingine, pamoja na Kicheko. Kicheko aliniuliza nimempa nyapara nini hata nikapandishwa. Nikacheka naye. Nitamwambia. Oda inakwisha mwisho wa Mei, huenda hata isiwe lazima.

Kamera nimeiweka kando.

Mdogo wako.


Nyumbani, 5 Mei

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Barua hii ikikufikia, iweke chini, vaa viatu, nenda kwa Kicheko. Ukimkuta anakula, aache kula. Nitakulisha mimi kama watakufukuza, nimewahi kukulisha na sikufa.

Mwambie leo.

Dada yako.


Nyumbani, 21 Mei

Mdogo wangu,

Redio imesema ukuta wa machimbo umeanguka, umefukia watu watano. Majina hawakusoma. Nimepiga simu ya ofisi yenu mpaka mwenye duka kaniondoa kwenye simu yake. Sijashona siku tatu. Kama u hai, niandikie neno moja tu, hata la matusi.

Dada.


Machimboni, 13 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kukaa kimya. Ni mzima wa mwili.

Barua yako ya tarehe tano ilinifikia tarehe kumi na mbili. Ukuta ulianguka tarehe kumi na nane. Najua unahesabu siku hizo. Mimi pia nazihesabu. Kila asubuhi nilimkuta Kicheko getini, kila asubuhi alikuwa ananiwahi kwa mzaha, nikasema jioni. Jioni anawahi kwa mkewe, nikasema kesho.

Nilikuwa juu. Nilisikia kwanza mashine yangu, kisha kishindo, na sikuisikia tena mashine yangu. Tulichimba siku mbili. Kicheko nilimtoa mimi. Nilimjua kwa mkanda wa suruali.

Nyapara wa zamani ameondolewa. Tajiri ameniita mwenyewe, amenipa mimi kazi ile, na chumba chenye sakafu. Wachunguzi wanakuja tarehe ishirini na tano Julai. Nitasema kama watakavyosema wengine: ilikuwa mvua, hakuna aliyeona dalili. Picha zangu na filamu nimezichoma. Zako zichome pia. Kicheko hafufuki kwa picha, na mimi bado naishi. Nakuomba, dada. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Mdogo wako.


Nyumbani, 20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu u hai. Nimelia kwanza kwa shukrani, halafu nikaisoma barua tena, nikalia kilio kingine.

Umewahi kuniomba makubwa kuliko hili, ila ulikuwa mtoto na nilikupa. Hili sikupi. Sitachoma.

Woga wa kuogopa ukuta nauelewa, hata mimi ningehama. Siku zile sita pia nitazielewa nikijitahidi. Lakini kusimama mbele ya wajane useme hakuna aliyeona! Una mwezi mzima. Nenda ukaseme mwenyewe. Nitakaa pembeni yako, nitakushika mkono mbele ya watu kama siku ya kwanza ya shule. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na nitachukua futi yangu.

Nijibu.

Dada yako.


Nyumbani, 4 Agosti

Mdogo wangu,

Nakusalimu, ingawa hukunijibu, na siku ile ya wachunguzi hukunitazama.

Nilikuona ukiapa. Umekonda, na koti lile si kipimo chako. Uliposema hakuna aliyeona dalili yoyote, nilingoja kidogo, nikidhani utarudi nyuma. Ukakaa. Ndipo nikasimama. Niliziweka picha tatu juu ya meza yao, nikapima mbele yao. Yule mwenye miwani akauliza ni nani aliyezipiga. Nilijua ataniuliza hivyo. Njia nzima kwenye basi nilikuwa natafuta jinsi ya kulijibu hilo. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Mdogo wangu, yule pale."

Ulitoka kwa mlango wa nyuma. Nilikwenda kwenye chumba chako, wakasema umehama na hukuaga. Barua hii naipeleka kwa sanduku la posta la machimbo, nikitumaini kuna mtu anajua ulipo. Tajiri amekamatwa, na wamesema watakutafuta, kwa hiyo bora ujitokeze mwenyewe.

Mke wa Kicheko, niliyekutana naye siku ile, amekuja kukaa kwangu, kwao hakuna mtu. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Amezisoma barua zako zote, nilimpa kwa sababu ni haki yake. Alisoma siku mbili. Leo, akinyonyesha, akaniuliza, "Alimpenda mume wangu?"

Nikamwambia ndiyo, alimpenda sana.

Akasema, "Sasa kwa nini hakumwambia?"

Nikachukua kalamu nikuulize wewe. Bado amekaa pale, ananitazama, anasubiri.

Dada yako.