Mistari Mizuri Kwenye Ubongo wa Mwalimu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinitaje, maana nikitajwa nimekwisha.

Mimi ni mtu wa kompyuta hospitalini, kazi yangu ni kuchukua skani za ubongo na kuandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta, ili daktari apate picha ya uso wa ubongo anayoweza kuizungusha kwa kipanya, akigusa eneo linamtajia jina, hapa pa kusema, hapa pa kusogeza mkono, na kila eneo limezungushiwa mstari wa mpaka, sasa miezi mitatu iliyopita aliletwa mwalimu wa chekechea mwenye uvimbe upande wa kushoto, uvimbe umelisukuma eneo la kusema upana wa kidole gumba, nami nilipojaribu kuihamisha mistari imfuate yeye ikakatikakatika na kuchongoka kama meno ya msumeno, na wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuiona kazi yetu, basi nikairudisha mistari ya ubongo wa wastani, ule uliotengenezwa kwa kuchanganya vipimo vya watu wengi wenye afya, ikakaa vizuri, nikafuta na maandishi ya chini yanayosema mipaka ni ya kukadiria kwa sababu yalichafua picha. Daktari wetu wa upasuaji, tunamwita Bingwa, akaipenda mno, akasema, "Kwa picha kama hii, hakuna haja ya kumwamsha mama wa watu katikati ya upasuaji tumsemeshe ili tujue pa kusema pako wapi," akakata kwa kufuata mstari wangu. Uvimbe ulitoka. Mwalimu amebaki na neno moja tu, "basi", ukimuuliza jina la mwanawe anasema basi, akilia anasema basi. Bingwa anadhani ni bahati mbaya. Mumewe ni fundi cherehani, alikuja ofisini na futi yake akanipima mabega, wiki iliyofuata akaniletea shati, "Pokea, mwanangu, mmemwokoa mke wangu," nami nikalipokea, mshauri, na nimelivaa. Alhamisi hii anapasuliwa dereva wa lori, uvimbe upande uleule, mistari ileile. Mama na wadogo zangu wananitegemea mimi. Niseme au ninyamaze?

MSHAURI ANAJIBU

Gazeti hili hutoka Jumamosi, na kila anayelisoma anajua. Dereva anapasuliwa Alhamisi. Kwa hiyo usinizuge kwamba ulitaka ushauri. Ulitaka Alhamisi ipite kwanza ndipo nikugombeze. Barua niliisoma Jumatatu, na chai yangu ikapoa mezani. Nikapiga namba uliyoandika chini, ukapokea, na haya ndiyo niliyokuambia.

Pole, nasema kwa moyo. Najua hulali. Lakini ile mistari iliyochongoka ingemtia daktari wasiwasi, angemwamsha mwalimu, angemsemesha, na pengine mwalimu angekuwa anaimbisha watoto hadi leo. Wasiwasi huo ndio ulioufuta wewe, kisa wageni. Yule fundi alikupima mabega kabla ya kutia mkasi kwenye kitambaa. Mke wake ulimpa vipimo vya watu wengine, halafu mtu akatia kisu. Unanitajia mama na wadogo zako? Dereva naye ana watu wake.

Nikakuambia uinuke hapo ulipokaa, umfuate Bingwa kwa miguu yako, umfungulie picha zote mbili, mbaya na nzuri, na useme, "Mimi ndiye niliyebadilisha." Kisha umwandikie mkuu wa hospitali na ubaki na nakala. Ukakata simu bila hata kuniaga.

Jumatano asubuhi ukanitumia ujumbe: "Nimesema. Dereva ataamshwa. Nimesimamishwa kazi." Sikupongezi sana, maana ulichelewa miezi mitatu, ila umesema kabla kisu hakijamfikia dereva.

Limebaki moja, na hili hukuniuliza. Chukua lile shati, nenda nyumbani kwa fundi. Maneno ya kompyuta yaache ofisini. Tena usimvute mume pembeni mkanong'ona nje, kama ambavyo nina hakika utataka kufanya. Kaa mbele ya mwalimu, mtazame usoni, umwambie ulichofanya tangu mwanzo hadi mwisho. Kusikia anasikia kila kitu. Ni kukujibu tu ndiko hawezi.