Salamu kwa Profesa Gleb

Majengo, Songea
4 Februari 2024

Mwanangu Edna,

Hujambo huko Moscow na baridi yake? Sisi tu wazima, ila goti la mama yako linamsumbua tangu mvua zianze.

Nina ombi. Mtafute mwalimu wangu nilipokuwa nasoma huko, Profesa Gleb. Alisanifu injini za ndege, baadaye za roketi, na kwa siri za serikali yao hata majirani hawakujua kazi yake. Mwaka 1988 alinitafutia nafasi ya kuendelea na masomo. Nilirudi kumzika babu yako, nikabaki, wala sikumwandikia tena. Mwombe radhi. Ila usimwambie kwamba natengeneza mashine za kusaga. Sema mimi ni mkurugenzi wizarani.

Baba yako,
Sixbert

Moscow
17 Machi 2024

Baba, shikamoo. Mimi mzima. Goti la mama linaendeleaje?

Nimemwona. Ana miaka tisini na tatu, anapumua kwa shida, lakini jina lako alilitaja kabla sijalitaja mimi. Nchi yao ilipovunjika kiwanda kilikosa kazi, naye akaenda vijijini kutengeneza matrekta. Anasema miaka ile ndiyo aliyolala vizuri, maana aliona injini zinamlisha nani.

Nikamwambia ulivyoniagiza. Akauliza, "Ofisini? Mikono ile?" Chai yake hakuimaliza.

Niruhusu nimwambie ukweli.

Mwanao,
Edna

Songea
9 Juni 2024

Marahaba mwanangu. Goti limepoa kidogo.

Samahani kwa ukimya. Tangu Machi naandika na kuchana. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, nami ni Mngoni tu, aibu hii imenishinda kubeba.

Naambatanisha kwenye barua pepe hii barua ya kumpa Profesa, kwa Kirusi changu kilichochakaa, na picha yangu nikifungua injini ya mashine ya Mzee Alfani kule Lusewa. Mwambie injini sijawahi kuziacha hata mwaka mmoja. Mpelekee leo.

Baba yako,
Sixbert

Moscow
12 Juni 2024

Baba, shikamoo. Pole sana.

Nilipopiga simu alipokea binti yake. Profesa alizikwa Jumamosi, siku moja kabla hujaniandikia. Barua yako nimemsomea binti, akalia.

Anasema hata hospitalini mzee alikuwa akiwasimulia wauguzi kwamba mwanafunzi wake bora aliziacha injini, akaenda kupiga mihuri. Alifariki akiamini hivyo.

Nisamehe, Baba. Siku ile ilinipasa nikuasi.

Mwanao,
Edna