Kazi Niliyoshauriwa Kuikataa

Nyakato, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mke wangu Mama Koku,

Mnaendeleaje hapo nyumbani tangu mvua zianze? Ulipoandika mara ya mwisho Koku alikuwa anakohoa. Nijulishe kama amepona. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una maneno, na nimekaa wiki mbili nikishindwa kuyaandika.

Ule ukuu wa shule sikuupata. Ameletwa mwalimu kutoka Magu, na nyumba niliyokuahidi ameshaingia yeye na watoto wake. Najua ulishamwomba mama mdogo akuangalizie kibanja chetu cha migomba ili mpande meli mje. Nisamehe. Lakini hilo si baya kuliko yote.

Mwaka jana, na sikukuambia, mwenye sekondari mpya kule Buswelu alinifuata. Siku hizi watu binafsi wanafungua shule, na huyu alitaka niwe mkuu wa shule yake, nyumba ikiwemo. Kabla sijamjibu nilikwenda kwa Mzee Malale, mkuu wetu, ambaye nilikuwa makamu wake kwa miaka tisa. Unakumbuka nilivyokuwa nikimwita baba. Akanishauri nisiache kazi ya serikali. Alisema shule hizi za watu ni moto wa mabua, na kwamba akistaafu kiti chake ni changu, ameshaandika barua ya kunipendekeza. Nikaikataa kazi ya Buswelu.

Mzee akastaafu. Sherehe ya kumuaga niliisimamia mwenyewe. Risala pia niliisoma mimi. Akapata pensheni yake, tukadhani amekwenda kulima mpunga. Mwezi uliopita nilipeleka wanafunzi kwenye ile sekondari ya Buswelu kucheza mpira. Aliyetoka ofisi ya mkuu wa shule kutupokea, amevaa koti tulilomzawadia siku ile, alikuwa yeye.

Nikamwamkia, akaitika marahaba kama kawaida. Wanafunzi walipokwenda uwanjani nikamuuliza ilikuwaje. Hakuzunguka.

"Mwalimu, pensheni haimlishi mtu," akasema. "Ningekuambia uichukue kazi hii, mimi ningekwenda wapi?"

Nikamuuliza kuhusu ile barua ya kunipendekeza. Akageuka kutazama uwanjani, akasema hakuiandika.

Sikumtukana. Nilikaa mpaka mpira ukaisha, na sijui hata nani alishinda. Wako wastaafu wengi hapa mjini wanaopokea pensheni na mshahara juu yake, nami siwalaumu. Wana watoto wa kusomesha. Angeniambia tu kwamba anaitaka, ningempisha. Lakini alinitazama machoni, akaniita mwanangu, akanidanganya.

Jana amenitumia salamu. Anatafuta mwalimu wa taaluma, na kuna nyumba ya vyumba viwili. Nilishika kalamu nimkatalie, nikakumbuka kwamba ile ya kwanza niliikataa kwa kumsikiliza yeye, wewe nikakuficha. Safari hii simjibu mpaka nisome mwandiko wako. Ukisema tuvumilie hivi hivi, tutavumilia. Ukisema niinamishe kichwa chini yake ili tukae pamoja, nitainamisha.

Msalimie mama mdogo, na kaka yako fundi cherehani umwambie suruali imenikaa vizuri. Mama yangu mpe shikamoo. Habari za Mzee Malale usimwambie kwanza. Kila mwaka humtumia kahawa, na najua ya mwaka huu ameshaianika.

Mumeo mwenye hamu nawe,
Theonest