Alama kwenye Kalipa ya Datsun

Jumanne, 2 Oktoba 2012

Daktari wa meno amerudi dukani kwangu kwa spea na Datsun lake la spoti. Gari jekundu la enzi za babu, tumbo linakaribia kugusa ardhi — na analiendesha Lodwar! Kila Jumapili analiburura mchangani hadi Eliye Springs, Jumatatu anakuja kunilalamikia mimi. Leo pedi za breki za mbele zimekwisha. Hajui anunue zipi, kwa sababu kalipa zinazozishika hizo pedi si za Datsun. Fundi alimbadilishia tangu Juni, akamwambia hizi ni spesheli. Fundi gani? Shadrack wa Kakuma. Nikaacha kumsikiliza papo hapo.

Shadrack ndiye aliyewaambia polisi kwamba Hilux la ndugu yangu Yahye lilikuwa zima kabisa, dereva ndiye aliyekimbia kama mwendawazimu. Na fundi wa Hilux hilo ni nani? Yeye mwenyewe! Yahye yuko rumande tangu ajali ya Julai. Adhar, mama wa vitunguu aliyekaa naye mbele, yuko kaburini Kakuma. Yahye anasema alikanyaga breki kwenye mteremko wa laga, ule mto mkavu, hazikushika. Tunaomwamini ni mimi na Hooyo, mama yetu, tu.

Ijumaa, 5 Oktoba

Daktari tena, na picha kwenye simu. Kalipa ina alama, ndoana na mistari miwili. Ameituma Nairobi, ameituma Uingereza, anauliza ni kampuni gani duniani yenye nembo hiyo. Mtu mmoja amemwambia ni kiwanda cha Italia kilichofungwa zamani. Picha yenyewe matope matupu. Nikamwambia afungue kitu chenyewe aniletee. Akauliza kama mimi nitakitambua. Hapo sauti ilikuwa inasema "wewe mwanamke". Nikamwambia yeye ang'oe meno, spea aniachie mimi. Nikafunga duka, wakati wa swala.

Jumatatu, 8 Oktoba

Ameileta, imefungwa kwenye gazeti. Nikaiosha kwa petroli. Pistoni nne, mgongo mpana — Hilux! Pedi zake ziko kwenye rafu nyuma ya kichwa changu, nawauzia watu wa Lokiriama na Namoruputh kila wiki. Nikataka kumcheka. Halafu nikaiona ile alama ikiwa safi.

Si kampuni. Ni chapa ya ngamia wa marehemu Aabo, baba yetu.

Madereva wa njia ya Kakuma hawaachi gari gereji bila kutia alama kwenye vipuri, visije vikabadilishwa. Mwingine hupaka rangi, mwingine huchomelea nukta. Yahye huchonga kwa patasi chapa ileile ambayo Aabo aliwachoma nayo ngamia wetu shingoni. Hakuna mwingine anayeitumia. Uingereza nzima inatafuta kiwanda cha Italia, kumbe ni zizi letu!

Nikamdanganya Daktari kwamba bado sijajua, aniachie. Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa: Shadrack aliiba kalipa nzima za Yahye, akamfungia takataka, mtu akafa. Za mwizi ni arobaini, na zake zimetimia. Nimempigia wakili wa Yahye, amefurahi. Kesi ni Jumatatu ijayo, niende na hiyo kalipa.

Jumatano, 10 Oktoba

Kakuma. Mabaki ya Hilux yamo uani kwa polisi. Askari kaniruhusu kuchungulia. Kalipa zilizomo zimeoza kwa kutu, pistoni zimeganda, chapa hakuna. Nilijua!

Nikaenda moja kwa moja gereji ya Shadrack nikamtukana mbele ya wateja wake. Mwizi, muuaji, shahidi wa uongo. Sikubakiza. Wasomali na Wasudani wote wakaja kutazama. Yeye anapangusa mikono kwa tambara, polepole, kama anayenisikitikia. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

"Shamis, mimi si mwizi," akasema. "Hiyo kalipa Yahye aliniuzia mwenyewe. Enda umuulize."

Nikatema mate chini. Mbwa! Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtukana dirishani.

Jumamosi, 13 Oktoba

Gereza. Nilimuuliza Yahye nikitarajia acheke.

Hakucheka. Aliangalia mikono yake. Kisha akasema, kwa Kisomali, chinichini, "Abaayo, dada yangu, nilimuuzia. Nilitaka nifunge nyingine nikipata nafasi. Gari lilikuwa linasimama ukipampu breki mara tatu nne."

Ukipampu! Na abiria amewapakia.

Nikauliza mbona Shadrack hakuwaambia polisi. Akasema Shadrack naye anaogopa, ndiye aliyefunga zile za kutu. Halafu akaniinamia: "Hana shahidi. Wewe sema ameiba. Chapa ni yetu, watakuamini."

Nilitamani kumpiga kofi. Ndugu yangu, niliyembeba mgongoni. Nikaondoka bila kumuaga, na chakula cha Hooyo nikarudi nacho.

Jumapili, 14 Oktoba

Hooyo amepiga pasi shati la Yahye. Anasema kesho usiku atakula nyumbani. Sijamwambia kitu. Wakili amepiga simu, nimesema kalipa ninayo. Hilo si uongo.

Dada yake Adhar, Nyandeng, atakuwepo. Kila mara kortini hukaa benchi la mbele na watoto wawili wa Adhar, hatutazami sisi. Mimi nilikuwa namwona mwanamke mkaidi, asiyetaka kuelewa kwamba ni breki. Shadrack alijua. Yahye alijua. Adhar peke yake ndiye hakujua, akalipa nauli akapanda.

Nawachukia wote wawili. Yahye namchukia zaidi, na ndiye ninayetaka arudi.

Daktari yuko nje, anagonga mlango wa duka na leo Jumapili. Anauliza kama nimeitambua. Nimemjibu nikiwa ndani kwamba ndiyo. Sasa anauliza ni ya nani.