Koti la Kiwandani Halitoshi Neptuni

Mzee Kahigwa wa safu ya ushauri, shikamoo. Mimi ni mwanachuo wa ualimu hapa Butimba na nakuomba unisaidie kabla ya Jumanne ijayo, maana siku hiyo mkufunzi anakuja kunikagua nikifundisha, na darasa lenyewe, la sita katika shule moja ya msingi huku Mkolani, nimelifundisha uongo bila kukusudia na sasa sijui nianzie wapi kuurekebisha.

Somo lilikuwa sayari, nikafika Neptuni, na kwa kuwa kabla ya chuo nilifanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda cha minofu ya sangara nikajiona baridi naijua kuliko kitabu, nikawachorea watoto mpira wa barafu na mtu amesimama juu yake, nikauliza huyu anahitaji nini asife, Elias akasema, "Koti la kiwandani, mwalimu, na buti na glavu," nikafurahi, nikasema mpigieni makofi, wakapiga. Ndipo Odeta, ambaye baba yake anafanya kazi kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha minofu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, baba analo hilo koti, na akikaa ndani nusu saa anatoka hawezi hata kufunga kamba za viatu. Sasa huko mtu atatokaje?" Watoto wakacheka, na mimi badala ya kumjibu nikasema, "Mjuaji wewe! Kama baba yako anaogopa baridi, si avae makoti mawili?" Wakacheka zaidi, nikamwacha amesimama mpaka kengele.

Baadaye nikaenda maktaba, nikakuta Neptuni haina hata pa kukanyaga, ni gesi na mawingu tu, basi mchoro wangu wote ni uongo, na Odeta tangu siku ile hanyooshi mkono, nikimtaja jina anasema, "Sijui, mwalimu," na mimi najua anajua. Nikamweleza mwalimu Malimi, mwenye darasa, akacheka: "Kija, mwanangu, kuna anayekwenda huko? Futa ubao, endelea na mada nyingine. Ukikiri kosa mbele ya mkufunzi ataandika hujajiandaa." Cheti nakitaka, mzee, kwetu ni mimi wa kwanza kufika chuo, lakini yule mtoto ananitazama kila siku. Nifanyeje?

Kija, Butimba

*

Kija, marahaba. Barua yako imefika Jumatano na gazeti linatoka Jumamosi, kwa hiyo tusipoteze muda. Majina ya watoto na ya mwalimu mwenye darasa nimeyabadilisha. Lako umeliweka mwenyewe.

Ulikosea mara mbili. Kosa la sayari ni la kawaida, kila anayefundisha atalifanya. Lile la makoti mawili ni baya. Ulimfanya mtoto achekwe kwa kazi ya baba yake, tena kazi uliyowahi kuifanya.

Alhamisi nilikwenda kwenye kiwanda kimoja cha minofu, nikampata Tereza, mwenye miaka minne ya kazi kwenye chumba cha baridi. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nilikaa ndani dakika sita, kalamu ikagoma kuandika. "Mwandishi," akanicheka, "hata wino wako umeomba ruhusa." Akanikumbusha utaratibu ambao nashangaa wewe uliusahau: mmoja hubaki mlangoni, na kila baada ya dakika chache huita jina la aliye ndani. Asipoitikiwa, anafungua mlango.

Sasa upeleke utaratibu huo Neptuni. Kwenye mawingu yake baridi inafika nyuzi kama mia mbili chini ya sifuri. Hewa ya kuvuta hakuna. Upepo unapita kilomita elfu mbili kwa saa, na sisi wenye kuezuliwa mabati tunaujua upepo ambao haufiki hata mia mbili. Hata upate koti la kukukinga na yote hayo, huna pa kusimama. Unazama, na kadiri unavyozama ndivyo unavyobanwa, kama masikio yanavyobanwa ukipiga mbizi ziwani, ila kule hata ungekuwa ndani ya chombo cha chuma, kingebonyea kama kopo. Chini zaidi baridi inakwisha na kuwa joto la maelfu ya nyuzi. Hapo nilisoma mara mbili.

Na yule wa mlangoni? Akiita kwa redio kutoka duniani, wito unachukua saa nne kufika na jibu saa nne kurudi. Saa nane, Kija, na mtu anazama. Odeta aliuliza mtu atatokaje, na hilo ndilo swali lenyewe. Waliolitafakari kwa kalamu na vipimo waliamua kupeleka mashine. Iliondoka mwaka 1977, ikapita karibu na Neptuni mwaka 1989, haikutua, ikapiga picha na kuendelea na safari. Nimeiona picha moja: mpira wa buluu, mtulivu kabisa kwa kuutazama. Katika miaka yangu ya kazi sijaona kitu kizuri kiasi hicho kisichotaka mgeni.

Basi usifute ubao. Kwenye andalio la somo, mahali pa tathmini, andika leo hii kwamba somo lililopita lilikuwa na kosa na utalisahihisha vipi. Mkufunzi atalisoma kabla hujafungua mdomo, na hapo hawezi kusema hujajiandaa. Anaweza kukupunguzia alama. Zikipungua, kubali.

Jumanne mchore mtu wako juu ya mpira wake kama mwanzo. Sema ulikosea. Muombe Odeta radhi kwa neno la baba yake, kwa sauti ile ile uliyomkejeli nayo, kisha mpe kifutio amfute yule mtu. Mtoto mmoja asimame mlangoni aite jina, mwingine wa ndani aitike baada ya darasa zima kuhesabu mpaka nane, namba moja kwa kila saa. Hawatausahau umbali huo.

Malimi amesema kweli, hakuna anayekwenda Neptuni. Lakini Odeta anakuja shuleni kila siku. Na makofi aliyopigiwa Elias kwa lile koti yalikuwa ya Odeta. Mpe.